Nawaangalia nyote wawili

Bado naisikia kauli ile ya Mama. Nimepika, nimefua, nimeenda kazini nimerudi, iko pale pale.

"Mama, niangalie basi nikisema nawe." Nishapandisha sauti, maana nilikuwa nampa habari za posa ya Zuhura, nimekaa dakani upande wake wa kushoto, jicho moja limenielekea na lile la kushoto limebaki linatizama mlango. Akanijibu pole pole, "Nakuangalia mwanangu. Nawaangalia nyote wawili."

Nikacheka. Mnamjua Mama kwa mzaha, nikajua ni yale yale, nikanyanyuka nikaenda zangu kuosha vyombo.

Asubuhi kaketi kumimina kahawa, dele kalishika vizuri, mkono hautetemeki, akamimina kwenye kikombe ambacho hakipo. Kahawa ikatambaa mkekani mpaka ikafika kwenye leso yake na yeye bado anamimina. Jirani akasema ni upepo, mwengine akasema hasadi ya posa. Tukavuka maji mpaka Mokowe, upande wa bara, siku ile ile, basi mpaka Mombasa, akapigwa picha ya ubongo ya MRI, siku nne sijui zimepitaje, na posa imejibiwa mimi niko wodini.

Kumbe jicho lenyewe zima. Ni kiharusi kidogo, presha ile ile na vidonge anavyoviruka, kimepiga shina la ubongo pale unapotoka mshipa wa fahamu wa sita. Daktari akanichorea nyuma ya karatasi ya dawa: jozi 12 za mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo, na huu wa sita kazi yake ni kuuamrisha msuli mmoja uvute jicho kwenda nje, upande wa sikio. Amri isipofika msuli unalala, ule wa upande wa pua unavuta peke yake, basi kila jicho linaleta picha yake na ubongo unashindwa kuziunganisha. Ukiziba jicho moja, lolote lile, ile picha ya pili inapotea. Mama akaziba kwa ncha ya leso, akanyamaza, akasema "ee, kweli."

Kwa hiyo hakuwa anatania. Kaniambia ugonjwa wake kwa maneno matatu na mimi nikacheka. Ningeuliza tu, "wawili nani, Mama?" Swali dogo hivyo! Kiharusi hakingojewi kuche, daktari alinambia hivyo kwa upole, bila kunilaumu, na ule upole ndo umenichoma zaidi. Usiku ule tungekuwa tushavuka.

Ila jana baada ya swala ya Ijumaa akaniita. Nimekwenda kukaa pale pale pangu pa kushoto, akanivuta mkono, "sio huko, pita huku kuliani." Nikapita. Akageuza uso kidogo upande wa kushoto, polepole, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio, akasimama hapo. "Ndo huyu. Nimekupata." Kajifundisha mwenyewe, hakuna aliyemwelekeza! Daktari anasema wengi hupata nafuu taratibu kwa miezi, na ikibaki kuna miwani ya prizimu, ile inayosaidia picha mbili ziwe moja, lakini mimi jana nilikaa kulia kwake mpaka magharibi, sikutaka hata kwenda kuwasha jiko.

Vidonge sasa nampa mimi kwa mkono wangu.

Halafu na hili nisilipuuze: punda hajala tangu juzi. Pumba ziko vile vile kwenye karai, maji ndo anagusa tu, na mguu wa nyuma hataki kuukanyagia.