Nilivyohangaika na koti la punda mpaka likakaa

Asubuhi moja mwezi wa kwanza nimetoka na kikombe changu cha chai kwenda kumcheki punda wangu, nakuta kasimama kona ya zizi kainamisha kichwa, blanketi lote lipo tumboni, mgongoni hamna kitu, mgongo umelowa chapachapa na mkanda mmoja umemzunguka mguu wa nyuma mara mbili. Chai nikaiweka chini. Nikamsogelea pole pole huku namwongelesha, maana punda akishtuka akiwa amejifunga vile anaweza kuvunjika mguu, nikaukata ule mkanda kwa kisu cha kuchumia zabibu. Yeye hata hakutikisika, alikuwa kama ananiambia umalize upesi.

Turudi nyuma kidogo. Nipo Hombolo, Dodoma, punda wangu naye anaitwa Mama Ndoo, jina walimpa watoto kwa sababu maji yote ya nyumba hii ameyaleta yeye, na msimu wa zabibu ndo anavuta mkokoteni wa makreti. Ni punda mtu mzima sasa. Mwishoni mwa mwaka juzi akaanza kukohoa, akakonda mpaka mbavu zikawa zinahesabika, na kama mnavyojua kwetu mvua ikishaanza mwezi wa kumi na mbili inakuja na upepo wake, upepo huohuo ukaling'oa paa la banda. Daktari wa mifugo akamchoma sindano, akanipa dawa ya siku kadhaa, afu akaniambia huyu asilale amelowa, farasi anaweza kuvumilia mvua ila manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi, maji yanapita moja kwa moja mpaka kwenye ngozi. Na ukikaa ukafikiria ina maana, asili yake huyu mnyama ni huko nchi kavu za kaskazini mashariki mwa Afrika, mvua kaijulia kwetu.

Kuezeka upya hela sikuwa nayo wakati ule (hela ya zabibu ilikuwa bado shambani). Nina rafiki yangu wa siku nyingi yupo Arusha anafanya kazi sehemu wanapofuga farasi wa kutembeza watalii, nikamwelezea, akacheka, akasema bana huku kuna blanketi la farasi limechanika kidogo mabosi wameshalitupa stoo, nakutumia kwenye basi. Likaja. Zuri kweli, nje turubai gumu lisilopitisha maji, ndani laini, mikanda kibao na vyuma vyake. Nikamvisha Mama Ndoo jioni ileile, watoto wanashangilia, mzee jirani kasimama kwenye uzio na fimbo yake anasema mbukwa (salamu yetu ya Kigogo), leo mmemvalisha koti, kesho mtamvalisha viatu.

Usiku wa kwanza likazunguka. Sasa mimi akili yangu yote ikaniambia limelegea, dawa ni kukaza. Nikakaza mikanda ya tumboni mpaka tundu la mwisho, na juu yake nikazungusha mpira wa kufungia mizigo, ule wa kwenye boda. Asubuhi limezunguka vilevile, afu safari hii kuna mchubuko nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, nywele zimenyonyoka sehemu kama shilingi mia. Nikajua hapa natengeneza kidonda kutibu kikohozi. Nikalifunga kifuani na kamba ya katani, likarudi nyuma likamkaba shingo. Siku ya tatu au ya nne ndo hiyo ya kisu.

Nikampigia jamaa wa Arusha nikamwambia blanketi lako halifai. Akaniuliza swali moja tu, ulimpima? Nikasema nimpime nini, ni blanketi. Akanyamaza, afu akasema chukua kamba.

Unapima hivi, mnyama asimame sawa kwenye ardhi tambarare, miguu isitangulizane, unashika ncha ya kamba katikati ya kifua, pale kwenye mfupa wa mbele, unaipitisha ubavuni, inapita kwenye bega, inakwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa paja kwa nyuma pale nyama zinapotokeza zaidi. Usipitishe juu ya mgongo. Mtoto alishika mbele mimi nikashika nyuma, afu nikailaza kamba kwenye futi ya fundi, ikasoma sentimita 122. Nikaangalia kale kalebo kalikoshonewa ndani ya blanketi, kameandikwa futi 6 na inchi 3, piga hesabu hiyo ni sentimita 190. Yaani nilikuwa nimemvalisha bibi suti ya mjukuu wake anayecheza basketi. Zile sentimita karibu 70 za ziada zilikuwa zinaning'inia nyuma, zikishika maji zinakuwa nzito, zinavuta upande mmoja, na likishaanza kuvuta hakuna mkanda wa kulizuia.

Akaniambia na jambo la pili ambalo mimi ndo lilinifungua macho. Farasi ana kinundu pale shingo inapokutana na mgongo, kile ndo kinashikilia blanketi lisizunguke. Punda hana, au anacho kidogo sana, mgongo wake umenyooka kama benchi na tumbo limetanuka pembeni kama pipa. Kwa hiyo hata blanketi la farasi lenye urefu sahihi bado kwa punda litacheza. Na mikanda, akasema, kazi yake siyo kubana. Kinacholishika blanketi ni umbo lake, mikanda ipo tu ya kulirudisha likisogea. Ukiona unakaza ujue umbo limekosea.

Basi nikaamua kulikata. Mama watoto akasema usikate chochote kabla hujajaribu na shuka, na hapo namshukuru mpaka leo. Tukachukua shuka la zamani lililochanika, tukamtupia Mama Ndoo, tukabana na pini, tukachora na mkaa. Tulichogundua ni kwamba ukilipunguza blanketi kwa kukata nyuma unapoteza ile sehemu iliyokatwa kwa mviringo ili ikumbatie matako, na ukikata mbele unapoteza shingo. Kwa hiyo tukatoa kipande katikati, kama unavyofupisha shati kiunoni, mbele ikabaki mbele na nyuma ikabaki nyuma, afu vinaunganishwa.

Fundi cherehani wa hapa alipoliona turubai akasema sindano zangu zitaisha. Nikalipeleka mjini kwa fundi anayeshona maturubai ya magari na viti, akaniuliza ni la gari gani, nikamwambia ni la punda, akadhani namtania. Tulibishana kidogo kuhusu mshono, yeye akataka unene wa mshono uingie ndani ili nje paonekane pazuri, mimi kwa ujinga nikakubali. Nikarudi nyumbani, nikamvisha siku mbili, nikakuta mstari wa nywele zilizosuguliwa kukatisha mgongo, hapohapo mshono ulipo. Nikarudi tena. Mara ya pili nikamwambia fundi urembo weka ndani, unene weka nje, na kipande cha mbele kilalie juu ya cha nyuma kama vigae ili maji yateleze yasiingie kwenye tundu za sindano. Nyumbani nikausugua ule mshono na mshumaa mpaka ukang'aa. Hauvuji.

Shingoni palikuwa papana mno. Shingo ya punda ni nyembamba ukilinganisha na farasi, kwa hiyo blanketi lilikuwa linashuka mpaka nyuma ya mabega, na likishuka hapo kila akipiga hatua bega linasukuma pindo, ndo maana lilikuwa linarudi nyuma na kumkaba. Tukasogeza vile vyuma vya kifuani ili pande mbili zipandiane zaidi, na pindo la juu sasa linakaa mbele kidogo ya pale mgongo unapoanzia, juu ya ule msalaba mweusi wa punda. Kipimo changu ni kiganja, napitisha mkono umelala kati ya blanketi na shingo, ukipita bila kusukuma sawa, ukipita ngumi nzima ni kubwa. Mabegani tukaweka mkunjo kila upande ili pawe na nafasi ya mguu kwenda mbele, afu ndani yake mama watoto akashonea kwa mkono, na sindano ya shazia, kitambaa cha bitana kinachoteleza alichokitoa kwenye koti langu la harusi. Hilo koti halinitoshi toka siku nyingi, ila angeniuliza.

Mikanda ya tumboni ilikuwa miwili imenyooka sambamba, fundi akaishona upya ikae mshazari, ikifungwa inapishana katikati ya tumbo kama herufi X. Inakaa pale pale, haisogei kwenda kwenye viwiko. Naiacha ilegee kidogo, kiganja kisimame kati ya mkanda na tumbo. Ya miguu ya nyuma ndo nilikuwa naikosea kabisa, nilikuwa naifunga kila mmoja na upande wake, kumbe unapitisha wa kushoto kuzunguka paja la kushoto kwa ndani na kuurudisha kwenye pete ya upande huohuo, afu wa kulia unapita ndani ya kitanzi cha ule wa kushoto kabla haujarudi kwake. Inashikana yenyewe kwa yenyewe, inakuwa mbali na ngozi na haisugui mapaja. Ukiwa unafunga hiyo simama pembeni, usikae nyuma, hata punda mpole kama huyu ana siku zake.

Likaisha. Nikamvisha mchana kwanza ili nione kwa macho. Nikamtembeza, nikamwekea majani chini ainame, hapo ndo unaangalia pindo la shingo kama linabana. Halikubana. Afu nikamwachia kwenye vumbi na kama kawaida yake akalala akagaragara, miguu juu, huku na huku, nimeziba mdomo kwa mkono nasubiri lizunguke. Akasimama, akajitikisa kwa nguvu, blanketi likasogea upande kama vidole vinne hivi, akatembea hatua kama kumi likarudi katikati lenyewe. Nilipiga kelele mpaka mzee jirani akauliza kuna nyoka?

Baada ya hapo kazi ikawa ni utaratibu tu. Jioni namfuta kwanza vumbi na matope, kwa sababu mchanga ukibaki chini ya blanketi ni sawa na msasa. Navisha nikianzia mbele zaidi ya linapotakiwa kukaa, afu nalivuta kwenda nyuma ili manyoya yalale, sivuti kwenda mbele. Nafunga kifua, tumbo, miguu. Kuvua nakwenda kinyume, miguu kwanza kifua mwisho. Asubuhi jua likitoka tu natoa, Dodoma hii hata masika likiwaka linawaka, ukimwachia mpaka saa nne anatoka jasho na unamlowesha kwa ndani ulichokimbia nje. Kila nikivua napitisha mkono mabegani, mgongoni, kwenye nyonga na nyuma ya viwiko, natafuta joto au nywele zilizokatika. Kwenye ule mchubuko wa mwanzo nywele zimeota nyeupe, hazijarudi rangi yake, hiyo ni saini yangu na mpira wa boda.

Niseme na hili, punda mzima mwenye banda lenye paa hahitaji haya mambo. Hela ya zabibu ilipoingia nikaezeka bati, na koti sasa hivi nalitumia usiku wa ule upepo wa mwezi wa sita na wa saba tu, maana uzee wake na baridi haviendani. Kikohozi kiliisha kabla masika hayajaisha na mbavu zimefichika.

Mzee jirani wala hakurudia ile habari ya viatu. Mwezi wa saba akaja jioni, akazungukazunguka na salamu ndefu, mwisho akasema mwanangu, lile koti naomba niazime siku mbili, dume langu anatetemeka. Nikampa, nikamwambia mzee lile limekatwa kwa Mama Ndoo, dume lako ni refu. Akasema blanketi ni blanketi. Kesho yake kabla ya jua nasikia fimbo kwenye uzio, nachungulia, kalishika mkononi limejaa matope, mkanda mmoja umekatika.

Nikamuuliza, kamba umekuja nayo?