Nilivyokiongoza chama cha burudani cha kisiwani hadi kikaweza kwenda bila mimi

Nilipochaguliwa kuwa mwenyekiti wa chama cha burudani na michezo cha kisiwa chetu, makabidhiano yalichukua dakika chache tu. Mtangulizi wangu, ambaye alikuwa amekibeba chama kwa miaka mingi kuliko ilivyompasa mtu mmoja, alinipa funguo 11 zilizofungwa kwa uzi wa nailoni, daftari lililolowa maji ya chumvi kwenye pembe, na wavu mmoja wa mpira wa wavu. Hapakuwa na orodha ya vifaa wala ratiba iliyoandikwa. Jioni ile nilisimama mlangoni pa stoo nikizijaribu funguo moja baada ya nyingine, na nne kati yake hazikufungua kufuli lolote tulilokuwa nalo. Aliyejua zilikuwa za nini alikuwa yeye peke yake, na yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kusahau.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuiendeleza hali ile ile. Nilidhani kiongozi mwema ni yule anayewahi kuliko wote na kuondoka wa mwisho, kwa hiyo nilifungua stoo mwenyewe, nikafunga wavu mwenyewe, nikaandika majina ya watoto, nikakusanya ada na kuandika barua. Mwaka wa pili niliugua, nikalazimika kukaa bara wiki tano, na funguo nilikuwa nazo mfukoni. Niliporudi niliukuta wavu umekunjwa vile vile nilivyoukunja mimi, na mipira imelala gizani. Kwa wiki tano watoto wa kisiwa kizima walikuwa wakiipita stoo ile na kurudi nyumbani. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana lilionyesha kuwa watu walikuwa wamekwisha kuzoea chama chao kufa na kufufuka kulingana na afya ya mtu mmoja.

Kisiwa kidogo kina ugumu wake katika kupata watu wa kujitolea. Mwalimu anayefundisha mpira ndiye huyo huyo aliye katika kamati ya maji, muuguzi ndiye katibu wa kikundi cha akina mama, na fundi wa mashine za boti ndiye anayeitwa kila kinapoharibika kitu. Ukisubiri mtu mwenye nafasi utasubiri milele. Nilijifunza kuacha kuuliza nani ana nafasi, nikaanza kuuliza nani ana saa moja, siku gani, na kwa muda gani.

Niliigawa kazi ya mwenyekiti vipande vipande, na kila kipande nikakiandikia nusu ukurasa: kazi ni ipi, hufanyika siku gani, huchukua muda gani, nani wa kuulizwa ukikwama, na tarehe ya mwisho. Palikuwa na mshika funguo, mtunza vifaa, mwandikishaji wa watoto, mwangalizi wa pwani na mtazama bahari, ambaye nitamweleza zaidi. Mshika funguo, kwa mfano, aliahidi siku mbili za juma kwa miezi minne, basi. Kijana mmoja ambaye nilikuwa nimemwomba mara tatu aingie kwenye kamati, na mara tatu akakataa kwa adabu, aliichukua karatasi yake, akaisoma hadi mwisho, akaweka kidole chini kwenye tarehe na kuniuliza, "Na siku hii ikifika nakuwa huru kweli?" Nilipomhakikishia, alikubali pale pale. Hapo nilielewa kwamba watu wengi niliowadhania wavivu walikuwa wakiogopa kazi isiyo na mwisho. Sharti nililojiwekea ni kwamba tarehe ikifika namshukuru mtu na kumwacha aende, hata kama bado sijampata wa kumrithi. Na wengi waliondoka, wakapumzika, kisha wakarudi kwa hiari yao.

Sasa nieleze habari ya bahari, kwa sababu ndiyo iliyotuvuruga kuliko jambo lolote. Uwanja wetu mzuri ni ufuo, mpana na mgumu maji yakipwa, na hauonekani kabisa yakijaa. Viongozi waliotangulia walipanga michezo kila Jumamosi saa 10 jioni, kama wapangavyo watu wa bara, kisha wakashangaa kwamba Jumamosi moja watu hufurika na inayofuata hawaji. Ukweli ni kwamba katika pwani zinazopata maji kujaa mara mbili kwa siku, kama yetu, saa ya maji husogea mbele kwa takribani dakika 50 kila siku. Kwa siku saba hiyo ni karibu saa sita, nayo ndiyo tofauti iliyopo kati ya maji kupwa na maji kujaa. Kwa hiyo, maji yakiwa yamepwa kabisa Jumamosi hii saa 10, Jumamosi ijayo saa hiyo hiyo yatakuwa yameumeza uwanja wote. Wiki mbili zikipita mambo hurudi karibu pale pale, yakitangulia kwa dakika 40 hivi. Wavuvi wetu waliyajua haya tangu utotoni, lakini hakuna kiongozi wa chama aliyewahi kuwakalisha kitako na daftari.

Basi tulimpa mzee mmoja mvuvi kazi ya mtazama bahari. Kila mwezi uandamapo alikaa nami na jedwali la maji, tukaigawa mizunguko ya Jumamosi mafungu mawili: wiki ya ufuoni, kwa mpira wa miguu na mbio, na wiki ya nchi kavu, kwa mpira wa wavu, ngoma na michezo ya ndani. Siku za bamvua, baada ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, ufuo huwa mpana zaidi, na hizo tuliziwekea mashindano. Siku za maji mafu maji hayaendi mbali, kwa hiyo tulizipa mazoezi ya watoto wadogo. Nguzo za nchi kavu tulizichora mistari miwili ya rangi, mmoja kwenye mita 2.43 kwa wanaume na mwingine kwenye mita 2.24 kwa wanawake, ili mtu yeyote aweze kufunga wavu bila kuniita. Ratiba ya mwezi ilibandikwa gatini, mahali ambapo kila mtu hupita. Mahudhurio yalitulia ndani ya msimu mmoja, na sikumbuki tena Jumamosi ambayo watoto walifika ufuoni wakakuta mawimbi.

Katika fedha sikuwa na ugunduzi wowote: watu wawili wanahesabu, wa tatu anaandika, fedha haitolewi benki bila saini mbili kati ya tatu, na hesabu hubandikwa ukutani kila miezi mitatu. Ugumu ulikuwa wa nafsi. Mahali ambapo kila mtu ni jamaa wa mwenzake, kumdai mtu risiti huonekana kama kumwita mwizi. Nilianza na nafsi yangu. Niliporudi kununua mipira nilisimama mbele ya kikao chote, nikazitoa risiti, nikamwomba mweka hazina azihesabu kwa sauti mbele ya watu. Baada ya mwenyekiti kukaguliwa, hakuna mjumbe aliyeona aibu kukaguliwa.

Mkutano mkuu wa mwaka ulitushinda mara moja, na kosa lilikuwa la katiba yetu. Katiba ilidai akidi ya nusu ya wanachama, nao wengi hufanya kazi bara na kurudi kwa boti ya Ijumaa. Upepo ulipochafuka boti haikuja, na tuliobaki hatukuwa na uwezo hata wa kupokea hesabu. Tulirekebisha kifungu hicho: akidi ikikosekana, mkutano unaahirishwa kwa siku saba, na waliohudhuria mara ya pili wanakuwa akidi, isipokuwa kwa kubadili katiba au kukivunja chama. Vilevile tuliuhamisha mkutano hadi msimu wa bahari shwari. Naona chama chochote cha kisiwani kinapaswa kuisoma katiba yake huku kikitazama upepo.

Kuna jambo ambalo sikukubali lifanywe nusu nusu, nalo ni usalama wa watoto. Msaada wa hospitali kubwa kwetu huja kwa boti, kwa hiyo dakika za mwanzo ni zetu wenyewe. Tuliweka kanuni kwamba mtu mzima mmoja hakai peke yake na watoto, wawe wawili daima, na kwamba mwangalizi wa pwani hashiki filimbi ya mchezo, kwa sababu anayeamua mpira hatazami maji. Muuguzi wetu alitufundisha kumhudumia mtu aliyeacha kupumua. Kwa kuwa hatukuwa na sanamu ya mafunzo, alishona gunia lililojazwa vitambaa, akalilaza juu ya mkeka na kutupigisha magoti mmoja mmoja: mikandamizo 30 katikati ya kifua, kisha pumzi 2, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua cha mtu mzima kikibonyea angalau sentimita 5 lakini si zaidi ya 6. Yeye alihesabu kwa sauti, na aliyepunguza mwendo alirudia. Nilitoka jasho kabla dakika mbili hazijaisha, nikaelewa kwa nini alisisitiza tubadilishane. Zoezi hilo tunalirudia kila baada ya miezi sita, na hatuandiki jina la mtu kwenye zamu ya pwani kabla hajalipitia.

Baadhi ya wazee walipinga tulipoomba kiwanja cha nchi kavu, wakisema ardhi ni haba na mchezo si kazi. Walikuwa na haki ya kuuliza, na sikutaka kuwashinda kwa kelele. Niliwasomea kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, uliopitishwa mwaka 1989, kinachotambua haki ya mtoto kupumzika, kucheza na kushiriki burudani na sanaa. Kisha nikawaalika Jumamosi moja waje waone. Mzee aliyekuwa mkali kuliko wote alikaa kwenye benchi hadi magharibi akimtazama mjukuu wake, akanishika mkono na kuniambia, "Mwanangu, pimeni hicho kiwanja."

Niliongoza miaka sita, mitatu zaidi ya nilivyokusudia. Makabidhiano tuliyapanga tarehe 5 Desemba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga tangu mwaka 1985 kwa ajili ya watu wanaojitolea, na kila aliyewahi kushika nusu ukurasa aliitwa kwa jina lake na kushukuriwa mbele ya watu. Kazi yenyewe ilichukua asubuhi nzima. Mwenyekiti mpya, dada aliyeanza kama mshika funguo, alipita na orodha ya vifaa akihesabu maboya na majaketi okozi, akasoma kitabu cha fedha ukurasa kwa ukurasa, kisha akazijaribu funguo zote saba, kila moja ikiwa na kibandiko chenye jina la mlango wake na pacha wake kwa mtu mwingine. Zote zilifungua. Alipomaliza alinipa karatasi yangu: mzee mvuvi alikuwa ameomba kupumzika, nami nikapewa kazi ya mtazama bahari kwa miezi minne, na tarehe ya mwisho imeandikwa chini. Kesho yake alfajiri nilishuka gatini na jedwali, nikaanza kulinganisha saa.