Fundi wa vigae amenifurahisha

Leo nimeita fundi wa kusafisha vigae, na kazi yake nimeipenda sana. Kabla ya kushika brashi alipiga magoti bafuni, akadondosha maji kidogo kwenye grauti, ile mistari kati ya vigae. Yakanyweka papo hapo. "Unaona, dada? Inakunywa. Uchafu haukai juu, unazama."

Kigae chenyewe hakina shida, kitambaa kinatosha. Grauti ni saruji yenye vitundu vidogo vidogo, inafyonza mafuta na sabuni, na pakiwa na unyevu ukungu unaota. Dawa yake aliijaribu kwanza kwenye kona nyuma ya mlango. Tindikali hakuigusa, maana inakula saruji. (Na jamani, klorini msiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye tindikali, hewa inayotoka ni sumu!)

Akasugua kwa brashi ngumu ya nailoni, maji machafu akayanyonya kwa mashine. Jikoni ndiko nilikoshangaa: grauti niliyoizoea ya kahawia kumbe ni kijivu hafifu!

Mkitafuta fundi, muulizeni anatumia dawa gani. Anayeijua kazi hajiumi ulimi. Wangu atarudi grauti ikishakauka kabisa, aipake dawa ya kuziba vile vitundu.