Siku moja maishani mwangu: duka la chambo, vijigi vya kibati na kropi wa Kentucky Lake

Saa 10 na robo alfajiri. Alamu inalia, nje giza totoro, ni katikati ya Aprili na huku magharibi mwa Kentucky asubuhi bado ni ya kuvaa koti. Mimi ni mtoto wa Mwanza, nimekulia Kirumba karibu kabisa na mwalo, sasa hivi naishi Marekani dakika kumi kutoka Kentucky Lake na nauza chambo na vifaa vya uvuvi. Nyumbani wananiuliza kila siku huko unafanya kazi gani hasa, basi leo nawaandikia saa kwa saa.

Saa 11. Nafungua duka. Kabla ya kahawa naenda kwenye matangi ya visamaki hai vya chambo, naangalia pampu za hewa, naopoa vilivyokufa usiku maana kimoja tu kikioza kinawaharibia maji wenzake wote. Nje wavuvi washapanga boti zao kwenye trela, na msimu huu karibu wote wanataka samaki mmoja, kropi. Jina linaandikwa crappie, kuna wanaotamka krapi ila wateja wangu wengi wanasema kropi na mimi nafuata wao. Ni samaki bapa, rangi ya fedha na madoa meusi, kwa mbali umbo lake linanikumbusha sato ila mdomo wake unafunguka mkubwa na ngozi ya mdomo ni nyembamba kama karatasi. Wako wa aina mbili, mweupe na mweusi, na njia ya uhakika ni kuhesabu miiba ya pezi la mgongoni, mweupe ana 5 au 6, mweusi 7 au 8. Nyama yake nyeupe, laini, ukiipaka unga wa mahindi ukakaanga mafuta yakiwa moto sawasawa, mimi kwa kweli naiweka karibu sana na sato wa kwetu.

Saa 1 asubuhi. Foleni imepungua, anaingia baba mmoja na mwanae wa miaka kama kumi, wanaongea Kiswahili! Wametoka Bowling Green, mwendo wa kama saa mbili, kwao ni Uvira, kule Kongo kando ya Ziwa Tanganyika. Nikamwamkia shikamoo baba, akacheka kwa furaha, akasimama mbele ya ukuta wa vijigi, zile ndoano ndogo za chambo bandia, akasema, "Kaka, niko natafuta kitu ya kukamatia ile samaki ya hapa, ila biko bingi sana, nitachagua namna gani?"

Swali hilo nalipenda kuliko yote ya siku. Nikamwambia baba, rangi iache kwanza, anza na uzito, halafu kibati, rangi mwisho.

Jigi ni ndoano iliyoyeyushiwa kichwa cha madini ya risasi, unaivalisha mkia wa mpira au manyoya. Kijigi cha kibati ni hichohicho ila kimeongezwa kibati kidogo kinachozunguka maji yakikipita, kinamulika na kutetemesha maji kama kidagaa kinachokimbia. Vinakuja kwa mitindo miwili. Kuna kile ambacho kibati kinaning'inia chini ya kichwa, maarufu ni Road Runner, ipo tangu 1958, kichwa chake kimechongwa kama cha farasi, hiyo inashuka vizuri kwenye kina. Kuna kile cha waya uliokunjwa kama pini, mfano Beetle Spin, jigi chini kibati juu, waya unaitangulia ndoano kwa hiyo kinapita vichakani bila kunasa ovyo.

Sasa uzito, na hapa ndo watu wengi wanapotea. Kropi macho yake yamekaa juu, anatafuta chakula juu yake, chambo kikipita chini ya tumbo lake mara nyingi hana habari nacho, kwa hiyo kazi yote ni kukipitisha juu kidogo ya kichwa chake na kukiacha pale muda mrefu iwezekanavyo. Wakia 1/32, ambayo haifiki hata gramu moja, ni ya maji mafupi kabisa, 1/16 ni kama gramu 1.8 na ndo ninayoishika siku nyingi, 1/8 ni ya maji marefu au upepo mkali. Kibati cha duara wanakiita Kolorado, kinasukuma maji na kukinyanyua chambo kwa hiyo unaweza kuvuta taratibu sana, kile chembamba kama jani la mti kinamulika zaidi ila kinataka mwendo. Maji yakiwa na tope nampa mtu kibati cha dhahabu, yakiwa maangavu cha fedha. Nikampimia vijigi sita vya 1/16, kibati cha duara cha fedha, mikia myeupe na ya kijani-njano, na mshipi unaohimili paundi 6. Leseni ya uvuvi tayari alikuwa nayo, huku mwaka wa leseni unaanza Machi 1.

Saa 4. Simu, simu, simu, wote wanauliza joto la maji. Nashuka gatini na kipimajoto, nyuzi 61 za Fahrenheit, kama 16 za Selsiasi, na hapo ndo kropi wanaanza kusogea maji mafupi kutaga. Ziwa lenyewe limetengenezwa na watu, bwawa la mto Tennessee lilikamilika 1944, na kila mwaka kuanzia Aprili 1 wanalijaza kutoka futi 354 juu ya usawa wa bahari mpaka 359 kufikia Mei 1, kwa hiyo vichaka vilivyokuwa nchi kavu wakati wa baridi sasa vinaingiwa na maji na samaki wanavifuata humohumo.

Saa 6 nimekula wali na maharage yangu ya jana. Saa 8 kupanga stoo. Saa 9 nakabidhi zamu.

Saa 10 jioni nateremka na fimbo yangu, namkuta yule baba na kijana bado wako gatini, ndoo tupu, tangu asubuhi. Nikamwomba arushe nione. Alikuwa anavuta mbiombio, kibati kinazunguka mpaka huwezi kukiona, na kwao nadhani ilikuwa sawa maana mikebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, wanakimbia, ila kropi hafukuzi hivyo. Nikamwonesha: kivute pembeni ya gati unakiona, punguza mwendo mpaka kibati kisimame, halafu ongeza kidogo tu kianze tena kuzunguka, huo ndo mwendo wako, usiupite. Halafu ukirusha usivute palepale, hesabu kwanza, moja mbili tatu, mrusho unaofuata hesabu nne, unaofuata tano, mpaka ujue wamekaa kina gani.

Kijana ndo aliyeshika kuhesabu, kwa sauti, Kiswahili cha baba yake. Kwenye nne mshipi ukalegea ghafla, na hii wengi hawaijui, kropi akikidaka akipanda juu husikii mvuto, unaona tu mshipi umelala. Nikapiga kelele zungusha rili, usijerki! Mwaka wangu wa kwanza huku nilichana midomo ya samaki wengi kwa kuvuta kwa nguvu kama ninapambana na sangara, inauma hadi leo maana samaki aliyechanika anaenda na jeraha na wewe hujala. Kijana akavuta taratibu, baba yake akaingiza wavu wa mkono chini yake. Mweusi, tukahesabu miiba, saba. Tukampima kwa rula, anaruhusiwa, akaingia kwenye ndoo.

Mpaka saa 1 na nusu jua linazama walikuwa na tisa, wote kwenye hesabu ya nne au tano, hakuna hata mmoja kwenye tatu. Baba akampigia mdogo wake wa Uvira kwa video, kule ni usiku wa manane, akaielekeza simu kwenye ndoo, "Angalia samaki ya Amerika," na kijana pembeni anasahihisha, ni kropi papa, ni kropi.

Saa 3 usiku nyumbani. Nimevianika vijigi juu ya kitambaa visishike kutu, kimoja kimezongwa na majani pale kibati kinapozungukia nimekisafisha kwa sindano, na kwenye daftari nimeandika: nyuzi 61, 1/16, duara fedha, mkia mweupe, hesabu nne.