Sipati Tamaa

Kitinda mimba wangu yuko darasa la kwanza, na siku hizi anasoma kila kinachosomeka. Anasoma ubavu wa daladala, anasoma kiroba cha unga, anasoma pakiti ya chumvi mezani mpaka chakula kinapoa. Juzi nilikuwa natoa nguo za zamani sandukuni nizianike, zimeshika uvundo wa masika, akachomoa kigauni cha dada yake, kile cha kanga nyekundu. Akakitandaza kitandani, akaweka kidole.

"Si-pa-ti. Ta-maa." Akarudia haraka haraka. "Sipati tamaa. Mama, maana yake nini?"

Nikamwambia hayo maneno hayajatimia, yapo mengine.

"Yako wapi?"

Nikakaa kitandani na nguo zangu mapajani.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, 2011. Tulikuwa tumehamia Buguruni, Dar es Salaam, chumba kimoja, bati tupu bila dari, dirisha likitazama ukuta wa jirani. Kaskazi inavuma baharini huko, kwetu haifiki. Ulikuwa ndio wakati wa mgao mkali wa umeme, kwa hiyo feni ilisimama kwenye kona kama pambo. Saa nane mchana ukigusa ukuta unahisi joto linakutoka mkononi kwenda ukutani na kurudi.

Mwanangu, huyo dada mtu, alikuwa na miaka minne na harara imemjaa. Shingoni, mgongoni, kwenye mikunjo ya viwiko, vipele vidogo vyekundu vilivyobanana kama mtama. Usiku alijikuna mpaka damu inatoka. Nilimpaka poda, nikampaka mafuta ya nazi, ikazidi. Nikampeleka zahanati nikiwa nimeshajiaminisha kwamba ni tetekuwanga. Nesi akamwangalia mgongo, kisha akashika gauni lake akalisugua kwa vidole viwili. Lilikuwa gauni la Idi, neti juu na bitana ya nailoni ndani, ndilo lililokuwa zuri kuliko yote aliyokuwa nayo.

"Mama, mtoto anachomwa na jasho lake mwenyewe," akasema. "Hii nguo hainywi jasho, linabaki hapo hapo kwenye ngozi, vitundu vinaziba. Acha mafuta. Muogeshe maji ya baridi, mvalishe pamba, kitu chepesi kisichombana."

Pamba. Nilirudi nyumbani nikafungua begi lake la nguo, nikasugua moja moja kama nilivyomwona nesi akifanya. Karibu zote zilikuwa za namna ile ile, za kung'aa. Na mimi mwenyewe nilikuwa nakaanga vitumbua alfajiri mbele ya jiko la mkaa nikiwa nimevaa blauzi ya plastiki tupu, sijawahi hata kujiuliza kwa nini kifua kinaniwasha.

Kanga zangu za kawaida zilikuwa zimechoka, ukizivuta zinaachia. Hela ya kwenda Kariakoo kununua kitambaa haikuwepo. Kilichokuwepo ni doti moja mpya, chini kabisa ya sanduku, bado imeungana.

Doti ile alinitumia mama kutoka Tanga, kwa basi, miezi miwili kabla. Imefungwa kwenye gazeti, hakuna barua. Mama hakuwa mtu wa barua. Alikuwa na desturi ya wanawake wa kwao, akitaka kukuambia jambo zito anakwenda dukani, anafunua kanga moja baada ya nyingine mpaka akutane na jina linalosema analotaka, ananunua, anakupa. Utajibu mwenyewe moyoni. Yangu ilikuwa na pindo nyeusi, mji mwekundu wenye korosho nyeupe, na chini, ndani ya kile kijisanduku chembamba, imeandikwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Nilipoisoma mara ya kwanza niliikunja upesi. Sikutaka mtu anione nikiisoma.

Chumba cha mwisho alikaa bibi mmoja mwenye cherehani ya mkono, Singer nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefutika pale mkono unapopita. Nikaenda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mtoto anaendeleaje?"

Nikamweleza. Akainyoosha ile doti, akaisoma, akaikunja tena na kunirudishia.

"Kanga ni ya kujifunga. Ukishaikata hiyo si kanga tena, ni kitambaa. Na hii umepewa."

Sikuwa na la kumjibu. Miaka mingi baadaye nilisoma habari za asili ya leso, ndiyo kanga yenyewe, kwamba wanawake wa pwani hii katika karne ya 19 walinunua vitambaa vya mkononi vilivyokuja vimeungana kwenye jora, wakakata vipande viwili vya vitatu vitatu, wakaviunga kwa sindano kuwa nguo moja ya kujitanda, na jina lenyewe la leso limetokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi. Maneno yalikuja kuandikwa baadaye sana. Kwa hiyo kanga ilianza kwa mkasi na uzi. Natamani ningelijua hilo siku ile nimwambie bibi. Lakini nadhani angenijibu kwamba wale walikuwa wanaunga, na mimi nataka kukata.

Hata hivyo alinikubalia. Akaniamuru kwanza niiloweke usiku kucha kwenye maji ya chumvi, kwa sababu kanga mpya ina wanga wa kiwandani na rangi yake bado haijatulia. Ukikata kabla haijaingia maji, siku ya kufua inasinyaa na mshono unapinda. Kesho yake ilipokauka ilikuwa laini, inaanguka mkononi. Mpaka leo nikisikia harufu ya kanga mpya iliyolowa, ile harufu kama ya uji na rangi, nairudia ndoo ile.

Tulikata usiku, kwa sababu mchana nilikuwa na vitumbua na joto lile lilikuwa halivumiliki. Mkeka chini, taa ya chemli, kipande cha sabuni kilichochongwa ncha badala ya chaki. La kwangu lilikuwa rahisi. Kanga moja ukiikunja katikati ya upana wake unapata mbele na nyuma, unachora shingo na kwapa, unashona mabega na ubavu mmoja, basi, gauni pana la kufika chini ya magoti. Halikuhitaji ufundi.

La mtoto ndilo. Niliweka juu kile kigauni kimoja kilichokuwa kinamtosha kama kipimo. Bibi akasema mbele nikate kwa kitambaa kilichokunjwa, mkunjo ukae katikati ya kifua, ili kushoto na kulia kulingane. Pindo la chini la kanga liwe pindo la gauni. Mgongo niutoe upande wa juu wa kanga, niugeuze, ili pindo jeusi limzunguke pande zote. Nikakunja kwa ndani, uso wa kanga ukajificha, nikachora kwa sabuni, nikaanza na shingo. Nikakata shingo. Nikakata kwapa. Nikashuka na ubavu.

Mkasi wa bibi ulikuwa mzito, wa zamani, unatoa sauti kama ya kutafuna miwa. Nilikuwa nimeshazoea mlio wake, mkono unakwenda wenyewe, ndipo nikaona kwenye mwanga wa chemli alama nyeusi mbele ya ncha. Upande wa nyuma wa kanga herufi huonekana, ila kwa kufifia na kwa kugeuka. Nikasimamisha mkasi. Nikafunua tabaka la juu kwa kidole kuchungulia.

Jina la kanga hukaa katikati. Na mimi nilikuwa nimekunja katikati. Juu ya mkunjo lilikuwa SIPATI, chini yake TAMAA, yamelaliana uso kwa uso. Ncha ya mkasi ilikuwa imesimama kwenye JAPO, kati ya P na O. Na chini yake, kwenye tabaka la pili, ilikuwa imesimama kwenye SIKATI, imeshapita S. Mkasi mmoja, maneno mawili ya mama yangu kwa mpigo.

Bibi akainamisha taa. Naye akaona. Hakusema kitu.

Ningeweza kuacha pale. Shingo ilikuwa imeshakatwa, kwapa limeshakatwa, hapakuwa na nafasi ya kusogeza gauni upande, lakini kuacha ningeweza. Ningeshona pale palipochanika, ningejifunga kanga yenye kovu. Nilikaa nimepiga magoti, kidole gumba ndani ya tundu la mkasi kinauma, jasho linanidondoka kwenye kitambaa na kufanya madoa meusi kwenye wekundu. Nililisoma lile neno mara ngapi sijui. Sikati. Sikati. Kama vile mama yuko mlangoni ananiambia mimi, si tamaa, mkasi wenyewe.

Mlango wa chumba chetu ulikuwa wazi, na nikasikia kucha. Mtoto alikuwa usingizini anajikuna mgongo, kwaru, kwaru, kwaru, ananyamaza, anaanza tena.

Nikakata.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Siku mbili za kushona, bibi anazungusha mkono wa cherehani na mimi naongoza kitambaa. Sikuweka zipu, niliweka kifungo kimoja nyuma na kitanzi cha uzi. O na S vilimezwa na mishono ya ubavuni, na mbele ya gauni, juu kidogo ya magoti yake, pakabaki SIPATI TAMAA. Kwenye la kwangu mkunjo uliangukia ubavu wa kushoto, kwa hiyo aliyenijia mbele alisoma JAPO SIPATI, na nikimpa kisogo ndipo anasoma TAMAA SIKATI. Mteja wangu mmoja, mzee wa kahawa, alinunua vitumbua, akangoja mpaka nilipogeuka kuchochea moto, akasema, "Ahaa, sasa nimeelewa." Niliona aibu, na siku ile nzima nilikuwa na nguvu.

Mtoto alilivaa asubuhi, nikalifua jioni, likakauka usiku, akalivaa tena. Baada ya wiki mgongo ulikuwa umeanza kukauka na kubambuka. Akaacha kujikuna. Tulilala.

Mama alikuja mwezi wa tatu, kabla mvua hazijaanza. Mjukuu wake akamkimbilia na kigauni kile, na mimi nimesimama mlangoni na la kwangu, sikuwa na namna ya kuficha. Alimbeba, akamweka chini, akanyoosha mbele ya gauni kwa kiganja kama mtu anayenyoosha kitambaa cha meza. Akasoma kwa sauti ndogo. Akamgeuza, akamwangalia mgongo, akaufuta kwa mkono.

Nikaanza kueleza. Harara, nesi, nailoni. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na vipande?" akaniuliza.

"Vipande gani, mama?"

"Vilivyobaki. Viko wapi?"

Nilikuwa nimeviweka kwenye mfuko wa rambo, mabaki yote, nikidhani nitatengeneza vishikio vya sufuria. Nikamletea. Akachambua kimya kimya, akatoa viwili, kimoja chenye JAP na kimoja chenye IKATI, akavikunja pamoja, akavitia kwenye pochi yake ndogo ya nauli. Hatukuzungumza tena juu ya jambo lile, si siku ile wala baadaye. Hakukasirika, ninavyojua. Alinipikia mchuzi wa papa, akamsuka mjukuu wake, akarudi Tanga.

Mama alifariki 2019. Tulipofungua sanduku lake tulikuta kanga nyingi, nyingine hazijawahi kuguswa na maji, tukagawana wanawake wote wa nyumba. Nilitafuta vile vipande viwili. Nilitafuta kwenye pochi, kwenye foronya, ndani ya msahafu, kwenye kopo la vifungo. Sikuviona. Sijui alivifanyia nini. Nikijaribu kukisia, siku nyingine napata jibu linalonituliza na siku nyingine napata jingine.

"Mama, yako wapi mengine?" kitinda mimba akauliza tena.

Mengine nikamwambia hayapo. Lakini herufi mbili zipo.

Nikaenda kuchukua sindano. Nikageuza kigauni ndani nje, nikatafuta mshono wa ubavu wa kulia, mishono ya bibi, midogo midogo na imenyooka, nikaanza kufumua mmoja mmoja. Uzi wa zamani hukatika kwa mlio mdogo. Nilipofika kwenye jina nikafungua kitambaa kwa vidole viwili. Nje, gauni limepauka, jua la Buguruni limelila mpaka limekuwa rangi ya tofali. Humo ndani ya mshono, upana wa kidole, wekundu ulikuwa ule ule wa siku ya ndoo.

Mwanangu akasogeza kichwa karibu, akaweka kidole.

"O," akasoma. Halafu akaligeuza gauni mwenyewe, akinionyesha nifumue na upande wa pili.