Slaida za Juno-106 zimenimalizia wikiendi

Jamani nimetoka kuifungua Juno-106 yangu, kinanda cha umeme cha Roland cha mwaka 1984 hiki, we fikiria umri wake. Ukisogeza slaida ya filta (kile kitelezi cha kufanya sauti iwe kali au nzito) inakwaruza kwenye spika kama redio mbao inayotafuta stesheni, sauti inaruka badala ya kupanda taratibu. Ndani ya slaida wala hamna maajabu, kuna kanjia ka kaboni na kamguu ka chuma kanakoteleza juu yake, vumbi likiingia na grisi ikikauka basi umeme unakatika katika. Slaida nyingi zimepona kwa spirei ya kusafishia kontakti, unapuliza kidogo unasogeza juu chini juu chini mpaka mkono uchoke (sio WD-40 jamani, ile spirei ya mafuta ya kulegeza kutu, sijui nani aliwaroga na hiyo kitu). Ila moja kaboni imeshalika kabisa, hiyo ni kung'oa tu, unayeyusha na kunyonya solda (risasi iliyoishikilia) pole pole maana njia za shaba kwenye bodi ya zamani zinabanduka fasta. Na ukinunua slaida mpya angalia herufi iliyoandikwa juu yake, ya B ukiisogeza inapanda sawasawa, ya A inapanda kwa mkunjo, ukichanganya itafanya kazi lakini mkononi unasikia kabisa haiko sawa. Saa hizi filta inafunguka laini hatari, majirani mtanisamehe.