Kabla ya Simba, Fadhaa: Tafakari ya 1 Petro 5:6–9

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wengi wetu katika somo hili tumeishika aya ya 8 peke yake: Ibilisi, "kama simba angurumaye, huzunguka-zunguka, akitafuta mtu ammeze." Sisi wa Nairobi hatuhitaji kuchorewa picha. Mbuga ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1946, imepakana na mitaa yetu. Ina ua pande tatu, na kusini imeachwa wazi ili wanyama wapite kuelekea Kitengela. Mkazi wa Rongai akisikia simba ameonekana, haulizi maswali. Anaita watoto ndani.

Lakini hebu turudi aya mbili nyuma. Kabla ya kumtaja simba Petro anasema: "Basi nyenyekeeni chini ya mkono wa Mungu ulio hodari, ili awakweze kwa wakati wake, huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote." Yakobo naye anafuata mpangilio huohuo (4:7): mtiini Mungu, ndipo mumpinge Shetani. Sisi tunapenda kuanzia nusu ya pili. Tunakemea mpaka spika zinakwaruza, kisha tunarudi nyumbani na fadhaa zetu zote tulizokuja nazo.

Na katika jiji hili, fadhaa ndiyo mlango Ibilisi anaoupenda. Uovu hautujii na pembe. Hutujia tarehe tano, landilodi amepiga simu mara mbili, mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na mtu anayetaka tenda anakuachia bahasha mezani akisema ni ya chai tu. Au ni saa sita usiku, muda wa kulipa mkopo wa simu umepita, na ujumbe wa kamari unaingia. Kijana anayebonyeza hapo hakuamka akisema, "Leo nitamwasi Mungu." Aliamka na hofu, na hofu hiyo hakumpa mtu yeyote, hata Mungu. Kwa hiyo anayemtwika Mungu fadhaa zake asionekane mnyonge aliyekwepa vita. Amekwisha kuingia vitani, tena mahali panapopiganiwa.

Petro alikuwa na haki ya kuandika haya. Usiku Yesu alipokamatwa, aliapa kwamba hata wote wakimwacha Bwana, yeye hatamwacha, na naamini alimaanisha. Alichomoa upanga akamkata sikio mtumwa wa kuhani mkuu (Yohana 18:10). Ujasiri alikuwa nao tele. Aliloambiwa afanye ni kukesha na kuomba, akalala, na saa chache baadaye akaangushwa na swali la kijakazi. Kilichomfanya asipotee kilikuwa kimeshasemwa na Yesu mezani: "lakini nimekuombea wewe ili imani yako isitindike" (Luka 22:32). Imani ya Petro ilisimama kwa maombi ya mwingine.

Kuna kisa cha simba wa mbuga yetu. Richard Turere, mvulana wa Kimaasai aliyelinda ng'ombe wa baba yake karibu na upande ule ulio wazi, alijaribu kwanza moto. Mwanga ukawasaidia simba kuona zizini. Akasimamisha sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba walirudi walikotoka. Siku ya pili wakagundua kwamba kile kitu hakisogei, wakaingia wakaua. Hatimaye alifunga taa zinazowaka na kuzimika kwa zamu, zikitumia umeme wa jua, na hizo zikawazuia. Mimi hunikaa moyoni ile sanamu. Mtu hufunga siku 21 za Januari, anatangaza maazimio mbele ya kanisa, halafu Februari hana hata dakika kumi na Mungu. Sisemi tusifunge (nisije nikaitwa na wazee!). Nasema azimio lisilotuleta mbele za Mungu kila siku lina umbo la mtu tu, na adui ana subira ya kulitazama mpaka alizoee.

Aya ya 9 tusiipite haraka: mpingeni, "mkijua ya kuwa mateso yale yale yanatimizwa kwa ndugu zenu walioko duniani." Aliyekaa mbele ya bahasha akidhani ni yeye peke yake anayesumbuliwa na kodi, huyo amekwisha kutengwa na kundi. Bwana alimwambia Petro kwamba akiongoka awaimarishe ndugu zake, na waraka huu ni sehemu ya kazi hiyo. "Mlango wa kutokea" wa 1 Wakorintho 10:13 mara nyingi, kwa nionavyo, ni ndugu aliyepokea simu.

Basi Jumatatu, kabla hujapanda matatu, itaje fadhaa yako mbele za Mungu bila kuizungusha: deni uliite deni, hofu uiite hofu. Kisha mpigie mmoja wa kikundi chako cha nyumbani, umwambie unadaiwa shilingi ngapi na nani amekuahidi kukusaidia kwa njia isiyofaa.